Kunyima kwa Hesabu

Programu nyingi huandikwa kana kwamba kumbukumbu ya kompyuta haina mwisho. Huomba nafasi, hupewa, husonga mbele. Siku zikinyimwa huangukia kwenye mistari ya msimbo ambayo huenda haijawahi kutekelezwa hata mara moja, na humo ndimo kazi ya mtu hupotelea. Nawaheshimu sana mafundi wanaoifuata mistari hiyo kwa makusudi.

Kufungua madirisha chungu nzima hadi mashine ielemewe hakutoshi kuifikia. Linux kwa kawaida huahidi kumbukumbu zaidi ya iliyonayo. Ikizidiwa, huchagua programu moja na kuiua, nayo isipate hata nafasi ya kujitetea. Windows haiahidi kupita uwezo wake, kwa hiyo hukataa palepale inapoombwa zaidi. Na hitilafu iliyopatikana kwa bahati ni vigumu kuirudia.

Waundaji wa SQLite, hifadhidata iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, ambamo Firefox hutunza historia na alamisho zako, walichagua subira. Katika majaribio yao, kigawa kumbukumbu huamriwa kukataa ombi la kwanza. Kisha jaribio huanza upya: la kwanza linapita, la pili linakataliwa. Halafu la tatu. Huenda hivyo, ombi kwa ombi, mpaka kazi yote ikamilike bila kukataliwa. Wakimaliza, hurudia mzunguko wote kwa ukali zaidi: likishakataliwa ombi moja, yote yanayofuata hukataliwa pia. Hapo ndipo penye mtihani, maana hata kisanduku cha kumwarifu mtumiaji kwamba kumbukumbu imekwisha huhitaji kumbukumbu. Kila mara hukaguliwa kama hifadhidata imelimudu kosa hilo ipasavyo.

Naupenda utaratibu huu kwa sababu haubahatishi. Ombi namba fulani likiangusha programu, kesho litaiangusha tena palepale, na fundi atalishika.

Programu yenye madirisha na vitufe ni ngumu zaidi. Fonti, picha na mtandao huibadilisha hesabu ya maombi kila inapowashwa. Ndiyo maana naona ni busara kuigawa vipande na kuanza na kile kinachouma zaidi, yaani kuhifadhi faili: nakala mpya iandikwe pembeni, ya zamani isiguswe hadi mpya ikamilike, kisha kila ombi la njiani linyimwe kwa zamu, na baada ya kila kunyimwa faili la zamani lifunguliwe na kusomwa lote.