Hesabu mbili za safari moja: Bagamoyo, Kwihara, Ujiji

Anayepanga msafara wa magari wa kuingia porini huanza na ramani: kilomita ngapi, siku ngapi, lita ngapi za dizeli. Anajumlisha, anagawanya, anaona imetosha. Hesabu hiyo hupendeza kwenye karatasi, lakini haimwambii lolote kuhusu ile kilomita moja ya tope jeusi ambapo gari la mbele litazama na manne ya nyuma yatasimama.

Njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Ugogo hadi Unyanyembe na kuendelea Ujiji, ina mfano mzuri wa kuchambua. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyetumwa kumtafuta Dkt. Livingstone, alipanga safari mbili ndani ya njia hiyo kwa namna mbili tofauti. Ya kwanza aliipanga Unguja kwa jumla. Ya pili aliipanga Kwihara, jirani na Itetemia, kwa kuangalia mahali pagumu. Tofauti kati ya hizo mbili inamfaa hata mwenye Land Cruiser leo.

Hesabu ya Unguja

Stanley alifika Unguja tarehe 6 Januari 1871, hajui bara linataka nini. Aliuliza wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi waliozoea kupeleka mali Unyanyembe, wakampa kanuni rahisi: watu mia hula doti kumi za kitambaa kwa siku. Doti ni yadi nne, yaani mita tatu na nusu na kidogo. Kwa mwaka ni doti 3,650, naye akazigawa: 2,000 za merikani, 1,000 za kaniki na 650 za vitambaa vya rangi. Kwa miaka miwili akazidisha mara mbili. Ukizinyoosha zote chini zinapita kilomita 26 za nguo.

Kitambaa hicho ndicho kilichokuwa mafuta ya safari. Kilinunua mtama na mbuzi vijijini, kikalipa hongo kwa watemi ili msafara upite. Shanga zilifanya kazi hiyohiyo, ila kwa masharti: nyeusi zilipokelewa Ugogo na kukataliwa kwingine, zile kubwa zilizoitwa sungomaji zilikuwa na thamani Ujiji na hazikutakiwa kwingineko. Ukikosea aina, una gunia la mzigo lisilonunua hata kibaba.

Hapo ndipo hesabu inapojizunguka. Mali yote ilifika karibu tani tano. Mzigo wa mtu mmoja katika njia hii ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32, kwa hiyo walihitajika wapagazi wapatao 160. Wapagazi hao nao wanakula kitambaa wanachokibeba. Ukiongeza mzigo unaongeza watu, ukiongeza watu unaongeza mzigo. Gari lililopakiwa madumu ya dizeli juu hadi chini linaugua ugonjwa huohuo: sehemu ya mafuta inachomwa kwa kubeba mafuta, na uzito wake ndio unaolizamisha kwenye mchanga.

Alichopatia

Alipatia mambo mawili. Kwanza, hakuondoka na kundi moja. Aligawa msafara katika sehemu tano: ya kwanza ikatoka Bagamoyo 18 Februari, ya mwisho, aliyoiongoza mwenyewe, 21 Machi. Kijiji kinachoweza kulisha watu thelathini usiku mmoja hakiwezi kulisha mia mbili. Kisima nacho ni hivyohivyo. Wanaofika mwisho hukuta tope.

Pili, ufungaji. Vitambaa vilipangwa tabaka juu ya tabaka, vikakazwa kwa kamba na kushindiliwa mpaka mtumba ukawa mgumu wa kukaa begani bila kulegea. Kila mtumba ulipewa namba, na yaliyomo yakaandikwa. Ukitaka kaniki ya kulipa hongo hufungui mitumba kumi mbele ya macho ya watu. Unafungua mmoja unaoujua. Wapo madereva wenye uzoefu ambao hadi leo huteremsha mahema, masufuria na magodoro barabarani kwa sababu jeki ipo chini ya kila kitu.

Alichokosea

Kosa kubwa lilikuwa wakati. Wanyamwezi, ambao ndio waliokuwa mafundi wa njia hii, walishuka pwani kiangazi baada ya mavuno na kujitahidi kurudi kabla mvua hazijawaita shambani. Stanley alitoka Bagamoyo mwishoni mwa Machi, masika ikianza. Uwanda wa Makata alioukuta ni maji na matope. Watu waliugua, punda wakafa.

Kosa la pili lilikuwa chombo. Alitengenezesha mkokoteni mwembamba wa kupita kwenye vijia, akanunua na farasi wawili. Farasi wote wawili walikufa Kingaru, mwanzoni kabisa mwa safari. Mkokoteni nao ulikuwa wa kusaidiwa kuliko wa kusaidia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na chombo kilichobuniwa na asiyeubeba mzigo huonekana chepesi vivyo hivyo.

Alijirekebisha alipofika ukingoni mwa Ugogo. Mbele yake palikuwa na Marenga Mkali, nyika ya zaidi ya kilomita 48 isiyo na maji, kisha watemi wa kulipwa hongo mmoja baada ya mwingine, kisha Mgunda Mkali kabla ya kufika Tura ya Unyamwezi. Akajiunga na misafara ya Waarabu waliokuwa wakielekea hukohuko, wakavuka Ugogo pamoja. Pasipo maji walitumia ufundi wa siku zote wa njia hii: unapika na kunywa asubuhi penye maji, unaondoka mchana na vibuyu vimejaa, unalala pakavu, na alfajiri unaumalizia mwendo hadi kwenye maji mengine. Kwa namna hiyo mwendo wa siku mbili hugharimu usiku mmoja tu wa kiu. Tarehe 23 Juni akaingia Kwihara.

Kupanga upya Kwihara

Eneo hili la vilima, nje kidogo ya mji wa Tabora, lilikuwa zaidi ya kituo cha kupumzikia. Itetemia ilikuwa makao ya Mtemi Fundikira wa Unyanyembe wakati msafiri Mwingereza Burton alipopita mwaka 1857. Hapa wapagazi wa pwani walimaliza mkataba na wapya wakaajiriwa. Hapa palikuwa na maghala, chakula na habari za njia zote. Agosti 1871 habari zilikuwa mbaya. Mtemi Mirambo aliwapiga Waarabu, akachoma Tabora, na njia ya moja kwa moja ya Ujiji ikafungwa.

Safari ya pili ilipangwa kutokana na kizuizi hicho. Stanley hakuuliza tena mwaka mzima unataka doti ngapi. Aliuliza mahali gani patamzuia, akapanga kurudi nyuma kuanzia hapo. Akachagua kuzunguka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo, kisha kupanda kaskazini kuelekea Malagarasi. Sehemu kubwa ya mali aliiacha Kwihara, akabeba ya kumfikisha na kumrudisha. Alitoka 20 Septemba, kiangazi, kukiwa bado kukavu.

Kwenye mto Gombe alisimama siku kadhaa kuwinda na kukausha nyama, kwa sababu mbele palikuwa na pori lenye chakula kidogo. Baadhi ya wapagazi walitaka kukaa zaidi, na ugomvi wa kuondoka nusura umwage damu. Kila kiongozi wa kundi anaijua hali hiyo: kituo kizuri ndicho kigumu kukiacha. Alipofika Uha, ambako hongo zilimmalizia vitambaa, aliajiri mwenyeji aliyejua vijia, wakatoka usiku kimyakimya na kupita porini. Tarehe 10 Novemba wakaingia Ujiji.

Kwa anayekwenda leo

Kutoka Tabora kwenda Manyoni au Mpanda sasa ni lami, na Mgunda Mkali unapitwa na mabasi. Ugumu umebaki nje ya lami, kwenye miombo na mbuga za upande wa Ugalla, ambako Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla ilitangazwa 2019. Mbung'o wapo, vituo vya mafuta hakuna, na masika udongo mweusi wa mbugani haujali gari lako lina winchi ya namna gani.

Mpango wa huko uanzie kwenye kivuko kibaya kuliko vyote. Mwulize mwenyeji kinapitika mwezi gani. Jibu lake ndilo tarehe yako ya safari. Pima mafuta na maji kwa kipande kirefu kisicho na chochote, ukijumlisha njia ya kurudi endapo kivuko kitagoma, si kwa jumla ya kilomita za ramani. Kisichohitajika kwenye kipande hicho kibaki Tabora mjini. Kundi la magari matatu linatosha: moja likinasa, la pili linavuta, la tatu linakwenda kutafuta msaada. La sita na la saba yanaongeza tu watu wa kulishwa na magari ya kunasuliwa. Vifaa vya kunasulia, yaani kamba, koleo, mbao na jeki, viwe vya mwisho kupakiwa. Na mwenyeji anayeijua njia akae gari la mbele, si la nyuma, naye alipwe vizuri.