Kilio Kisichofutwa

Ukizisoma Zaburi zote 150 bila haraka, utaona kwamba kundi kubwa kuliko yote ni la vilio. Kitabu kilichotupatia haleluya zetu kimejaa wagonjwa, waliosingiziwa na waliokimbiwa na rafiki zao, nao wanamlalamikia Mungu bila kumung'unya maneno. Zaburi hizo za kilio ndizo ninazozipenda zaidi. Walioziunda walikuwa mafundi wa kulia, na walipofika kwenye sifa hawakukifuta kilio.

Chukua Zaburi 13. Ina aya sita tu. Mbili za kwanza zinarudia mara nne swali la mtu aliyechoka kungoja, na kila linaporudi linamlenga mwingine: Mungu anayesahau, uso wake uliofichwa, moyo wa mlalamikaji mwenyewe, hatimaye adui anayetamba. Aya mbili zinazofuata ni ombi. Mbili za mwisho ni furaha na wimbo. Kimetokea nini kati ya aya ya nne na ya tano? Shairi halisemi. Mwaka 1934 mtaalamu Mjerumani Joachim Begrich alipendekeza kwamba hapo kuhani alikuwa akitamka neno la faraja kutoka kwa Mungu, neno ambalo halikuandikwa. Huenda. Mimi nauona ukimya ule kuwa kazi ya mshairi. Angetaja sababu ya furaha yake, sisi tusioipata sababu hiyo tusingeweza kuimba naye.

Mshairi huyu wa Kiebrania hakutegemea vina kama malenga wetu. Alitegemea usambamba wa mawazo: kipande cha kwanza kinasema, cha pili kinalirudia jambo kwa sura nyingine, au kulikoleza, au kulipinga. Mwingereza Robert Lowth aliufafanua utaratibu huu katika mihadhara iliyochapwa mwaka 1753. Tarbia ikihamishiwa lugha nyingine huviacha vina vyake njiani; usambamba unavuka, kwa kuwa umejengwa ndani ya maana yenyewe. Tena unakifaa kilio kuliko kitu kingine. Aliyewahi kukaa matangani anajua: mwenye uchungu hasemi jambo lake mara moja.

Katika Zaburi 22 kilio kinakwenda mbali zaidi. Mafahali wamemzunguka mtu, simba wamempanulia vinywa, mifupa yake inahesabika. Mgeuko kuelekea sifa unakuja ndani ya aya ya 21, kwenye pembe za nyati kabisa, na kutoka hapo aliyejiita mdudu anaita kusanyiko lisifu, kisha miisho ya dunia, kisha watu ambao bado hawajazaliwa. Sifa kubwa namna hii ingeweza kusimama peke yake. Haikuachwa isimame peke yake. Mathayo na Marko wanasimulia kwamba msalabani Yesu alilia kwa maneno ya mwanzo wa zaburi hii, yale ya kuachwa.

Nyimbo nyingi za ibada ninazozisikia siku hizi zinaanzia pale Zaburi 13 inapoishia. Sizibezi, nazo zimenibeba. Lakini mtu aliyetoka kuzika mtoto anaketi katikati yetu Jumapili, na wimbo wote hauna kipande cha kumwingiza.

Zaburi 88 ina nafasi ya mtu huyo. Kichwa chake kinamtaja Hemani Mwezrahi. Mara tatu anasema kwamba anamlilia Mungu, na mgeuko hauji. Shairi linaishia gizani. Hata hivyo sifa imo, tena pahali pa ajabu: imo ndani ya hoja zake. Anamuuliza Mungu kama wafu watainuka kumsifu, kama fadhili zake zitasimuliwa kaburini. Kifo chake kitamnyima Mungu mwimbaji mmoja! Ni mtu anayejua thamani ya sifa tu ndiye awezaye kudai uhai kwa namna hiyo.

Waliopanga kitabu waliiacha ilivyo, wakaiweka jirani na Zaburi 89, ambayo inaanza kwa kuziimba fadhili za Bwana na kufika mwisho ikiuliza fadhili zile za kale ziko wapi. Swali halikujibiwa. Chini yake waliandika baraka fupi na amina mbili za kufunga sehemu ya tatu ya Zaburi. Ya nne inafunguliwa na Zaburi 90, ile tunayoisoma misibani, nayo inahesabu miaka sabini, au themanini mwenye nguvu akijaliwa, kisha inamwomba Mungu arudi.