Kifo Kinapokosa Bei: Maoni ya Mpenzi wa Tamthilia ya Supernatural

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliwahi kuniuliza swali nikalijibu vibaya. Tulikuwa tukijadili taharuki. Akainua mkono, akasema kwamba kwao hutazama tamthilia ya runinga iitwayo Supernatural, na kwamba mhusika mkuu alikuwa amekufa tena. Kisha akauliza: "Sasa mwalimu, tutalia vipi ilhali tunajua atarudi?" Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia aachane na mambo ya runinga, kwani tulikuwa tukisoma fasihi. Akaketi. Nilichomficha ni kwamba mimi pia nilikuwa mpenzi wa tamthilia hiyo, nimeitazama kwa miaka, na swali lake lilikuwa limenikwaza mimi mwenyewe pasipo kulipatia jibu.

Msomaji mpenzi, makala haya ni jibu nililopaswa kulitoa siku ile. Nayaandikia walimu wenzangu na watahiniwa kwa sababu swali hilo si la runinga tu. Kila mara tunapokutana na fantasia au uhalisiajabu katika kitabu, aghalabu tunaridhika kuandika kwamba mwandishi "ametumia mbinu hii kuifanya kazi ivutie". Jibu kama hilo halisemi lolote. Muujiza katika hadithi hupimwa kwa gharama yake: nani anaulipia, na analipa nini? Nikiishika kauli hiyo mkononi, naweza kukueleza ni kwa nini sehemu fulani za Supernatural zingali zikinisumbua hadi leo, na nyingine nilizisahau kabla chai haijapoa.

Kwa asiyeijua, tamthilia hii ya Marekani ilibuniwa na Eric Kripke. Ilianza kuonyeshwa tarehe 13 Septemba 2005 na ikamalizika tarehe 19 Novemba 2020, baada ya misimu 15 na sehemu 327. Ndugu wawili, Dean na Sam Winchester, wanazunguka nchi nzima katika gari jeusi aina ya Chevrolet Impala la mwaka 1967, wakiwinda mizuka, mazimwi na mashetani. Mama yao aliuawa na shetani katika moto usiku mmoja wa mwaka 1983, Sam akiwa mtoto wa miezi sita. Baba akawalea kama askari.

Misimu ya mwanzo ilisimama juu ya sheria zilizo wazi. Mzuka hauvuki mstari wa chumvi. Mifupa yake ikinyunyiziwa chumvi na kuchomwa, unakoma. Mwanafunzi aliyezoea ngano zetu za mazimwi atajihisi yu nyumbani hapa, kwa kuwa nazo zina sheria zake: zimwi hukatwa kidole, na wote waliomezwa hutoka wakiwa hai. Sheria ndiyo inayotufanya tuogope. Ulimwengu ambamo lolote laweza kutokea ni ulimwengu usiotisha, maana lolote laweza pia kutenduliwa.

Yatazame basi mauti katika misimu hiyo. Mwanzoni mwa msimu wa 2 Dean yu mahututi hospitalini. Baba yake anampa shetani nafsi yake ili kijana apone. Mwishoni mwa msimu huohuo, mwaka 2007, Sam anachomwa kisu na kufa mikononi mwa kaka yake. Dean naye anaiuza nafsi yake, akipewa mwaka mmoja tu wa kuishi. Mwaka unakwisha, naye anachukuliwa jehanamu kweli. Anaporudishwa na malaika Castiel mwaka 2008, tunafahamu pole pole kwamba miezi minne ya duniani ilikuwa miaka arubaini huko, na kwamba alipochoka kuteswa alikubali kuwatesa wengine. Tendo hilo ndilo lililovunja muhuri wa kwanza wa kiama. Unaona mnyororo huo? Kila ufufuo unazaa deni, na deni linamwangukia mtu mwingine. Ukiulizwa kuhusu msuko wa ploti, huu ni msuko: tukio la pili halikufuata tu la kwanza, lilizaliwa nalo.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya 20 ya msimu wa 2, *What Is and What Should Never Be*, iliyoonyeshwa Mei 2007. Ndani yake mna jini, na kwa hiyo sisi wasomaji wa Kiswahili tuna haki ya kuwa na maoni. Dean anamsaka jini, jini anamgusa. Anapozinduka, mama yake yu hai. Sam anasomea sheria, na mchumba wake aliyekwisha kuuawa katika sehemu ya kwanza kabisa anacheka mezani. Hakuna aliyewahi kuwinda chochote. Kuna onyesho dogo la Dean akikata nyasi za ua wa mama yake, uso umemjaa furaha kana kwamba amepewa ufalme. Mwanamume ambaye tumemwona akikata vichwa vya mazimwi, furaha yake kuu ni nyasi!

Lakini ulimwengu huo una kasoro. Watu aliowaokoa kwa miaka yote wamekufa, kwani hakuwako kuwaokoa. Tena yeye na Sam hawapatani hata kidogo. Ni ndugu kwa jina tu. Anaenda kwenye kaburi la baba yake na kuuliza kwa machozi kwa nini ni lazima yeye ndiye aokoe kila mtu. Kumbe mwili wake umening'inizwa ghalani, jini akimnywa damu taratibu huku akimlisha ndoto. Ili aamke, sharti ajiue ndani ya ndoto, mama yake akimsihi abaki. Anajichoma kisu. Sam anamkuta na kumtoa, na msichana mwingine aliyekuwa amening'inizwa hapo anaokolewa. Mwishoni Dean anakiri kwamba alitamani kubaki.

Linganisha jini huyo na Huria katika *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert. Adili alimwokoa Huria, naye Huria akalipa wema kwa wema: nduguze Adili, Hasidi na Mwivu, walipomtosa baharini, aliwageuza manyani. Jini wa Shaaban Robert ni mkono wa haki. Jini wa Kripke hana haki wala ubaya wa kinafsi, ana njaa. Hata hivyo kazi zote mbili zinamtumia jini kwa shughuli moja, yaani kuupima udugu. Adili anaamriwa kuwachapa nduguze kila usiku, na adhabu hiyo inamuumiza mchapaji. Dean anapewa kila alichokililia, ila ndugu yake. Mtahiniwa akiandika kwamba jini "amejenga maudhui ya ndoto", nitampa alama. Akiandika kwamba jini amemlazimisha Dean kuchagua kati ya mama aliye hai na ndugu anayemjua, nitampa zaidi.

Mwaka 2008 waandishi walithubutu kuligeuza swali la mwanafunzi wangu kuwa kichekesho. Katika sehemu ya 11 ya msimu wa 3, *Mystery Spot*, Sam anaamshwa na wimbo uleule redioni kila asubuhi, na kila siku ni Jumanne. Kila Jumanne Dean anakufa. Anapigwa risasi, anagongwa na gari, anakabwa na soseji, anateleza bafuni. Jumanne hizo zinapita mia moja, na nakiri nilicheka hadi machozi. Mwenye kuyafanya haya ni ayari, wa ukoo mmoja na Sungura na Abunuwasi, ingawa baadaye tunaambiwa ni malaika aliyejificha. Hatimaye Jumatano inafika. Dean anapigwa risasi katika maegesho, na Sam anafumba macho akingoja wimbo wa redio. Wimbo haulii.

Miezi inapita. Sam anageuka mtu mkavu, anakula peke yake, anatandika kitanda kama askari, anajishona jeraha mwenyewe. Hakuna kilio wala hotuba. Hii ndiyo nguvu ya kinaya: vifo zaidi ya mia vilivyotuchekesha vilikuwa vikituandaa kwa kifo kimoja. Ndiyo, ayari anamrudisha Dean mwishoni, lakini sisi tumekwisha kuonyeshwa Sam atakavyokuwa pindi mkataba wa ile nafsi iliyouzwa utakapotimia. Ningekuwa na ujasiri darasani siku ile, ningemjibu kijana kwa sehemu hii na kengele ingelia tukiwa bado tunabishana.

Na sasa lawama. Kripke aliacha usukani baada ya msimu wa 5, ambao ulimalizika Mei 2010 kwa sehemu iitwayo *Swan Song*: Sam, akiwa na Ibilisi ndani ya mwili wake, anakiona kiaskari cha kuchezea alichokikwamisha garini utotoni, anamkumbuka ndugu yake, na anajitupa shimoni. Wapenzi wengi wanaamini hadithi ilipaswa kuishia pale. Mimi sisemi hivyo kwa ukali, maana ningeikosa *Baby* ya mwaka 2015, sehemu nzima iliyopigwa kutoka ndani ya gari, somo zuri mno la mtazamo wa usimulizi. Hata hivyo baada ya hapo mauti yalianza kushuka bei. Kufikia mwaka 2017, Dean anajidunga dawa afe makusudi ili azungumze na mizuka, na Mauti yenyewe inamrudisha. Mwigizaji anajitahidi, tunaona kwamba mtu huyu amekata tamaa. Lakini kifo kimekuwa mlango wa jikoni, watu wanaingia na kutoka. Hakuna anayedaiwa. Hapo ndipo mwanafunzi wangu alipokuwa na haki kamili.

Nadhani waandishi nao walilijua hilo. Katika misimu ya mwisho adui mkuu ni Chuck, mwandishi wa vitabu ambaye tayari tulikuwa tumeambiwa kwamba ndiye mungu wa ulimwengu ule. (Mwalimu asiyetaka kuliingiza jambo hili darasani namwelewa, sote tuna wazazi wa kuwajibu.) Kosa la Chuck ni la kisanaa: amewafanya wahusika wake wafe na kufufuka kwa ajili ya burudani yake, na anataka mwisho ambapo ndugu anamuua ndugu. Tamthilia inamshtaki mwandishi wake yenyewe. Chuck anapopokonywa uwezo na kuachwa binadamu wa kawaida, wahusika wanabaki bila kalamu ya kuwarudisha.

Kinachofuata ni sehemu ya mwisho kabisa, *Carry On*, iliyowakasirisha wapenzi wengi. Dean hauawi na Ibilisi. Anasukumwa kwenye kipande cha chuma chenye kutu ghalani, katika mapambano madogo na wanyonya damu, kisa cha aina waliyokuwa wakimaliza asubuhi moja na kurudi kula chakula cha mchana. Anamwambia Sam asijaribu kumrudisha. Nami nilikasirika nilipoitazama mara ya kwanza. Miaka kumi na mitano, halafu chuma chenye kutu? Nilipoirudia niliona kwamba ni chuma hicho tu kingeweza kuirudishia mauti bei yake, kwa sababu hakijali wewe ni shujaa wa nani. Dosari ziko: ile picha ya mbinguni inawaunganisha ndugu mapema mno, na wigi la mvi alilovishwa Sam mzee lingemwaibisha hata mwigizaji wa tamasha za drama shuleni.

Lakini kabla ya mbinguni kuna dakika chache nisizoweza kuzipuuza. Dean amekwisha kuchomwa juu ya kuni. Saa ya kuamsha inalia, Sam anaamka, anajipikia kifungua kinywa cha mtu mmoja. Kisha anaenda chumbani kwa kaka yake, anaketi kitandani, na mbwa anamfuata. Hakuna jini anayetokea wala malaika, na wimbo wa redio haurudii. Hapo, kijana, ndipo nilipolia.