Begi Linalofungwa Dar es Salaam

Alfajiri katika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, mizigo ya abiria inasukumwa kwenye buti za mabasi ya mikoani. Tangu 2021 safari hizo zinaanzia hapa, baada ya kile kituo cha zamani cha Ubungo kuhamishwa. Miongoni mwa mabegi hayo kuna ya vijana wanaokwenda kupiga kambi Mikumi au Lushoto, na wengine wanaofika mpaka Moshi kuupanda Kilimanjaro. Hema huwa limo. Sufuria huwa imo. Kinachobaki nyumbani ni kile ambacho mtaa humpa mtu kila siku bila yeye kukifikiria: kiberiti cha duka la jirani, chumvi ya kupima, taa ya barabarani, na joto.

Joto ndilo kosa kubwa la mkazi wa Dar es Salaam. Anapanga nguo huku jasho linamtoka, na sweta linaonekana mzigo wa bure. Lakini hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6 kila mtu anapopanda mita 1,000. Kambi ya Horombo, Kilimanjaro, iko mita 3,720. Hesabu hiyo peke yake inampunguzia mtu wa pwani zaidi ya nyuzi 20, na hapo usiku haujaingia. Hata aliyekumbuka blanketi zito husahau cha kutandika chini. Ardhi hufyonza joto la mwili moja kwa moja, na blanketi lililolaliwa hubanwa likapoteza ile hewa inayolifanya liwe na joto. Godoro jembamba la sponji linamfaa kuliko blanketi la pili.

Kosa hili lilishamkuta hata mtu aliyesifiwa kwa maandalizi. Mwaka 1887 Mjerumani Hans Meyer aliufikia ukingo wa barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, akageuka, kwa kuwa hakuwa na vifaa vya kukabili barafu na theluji nene. Alirudi 1889 akiwa na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria, na safari hii mzigo ulipangwa kwa kuufuata mlima wenyewe. Waliweka kambi kadhaa zenye akiba ya chakula, ili wakishindwa wasilazimike kushuka mpaka chini. Muini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao kwenye kambi ya juu. Oktoba 3 walikaribia ukingo wa kreta, wakiwa hoi kwa kuchonga ngazi kwenye barafu kwa shoka, wakageuka. Siku tatu baadaye walisimama kileleni. Bila ile akiba ya chakula, jaribio la Oktoba 6 lisingekuwepo. Wapagazi waliobeba na kuilinda akiba hiyo wanastahili nafasi kubwa zaidi katika masimulizi ya ushindi ule.

Kuna pia kitu kilichopotea mabegini kwa sababu ya sheria njema. Zamani mifuko ya plastiki ya rambo ilikuja yenyewe na kila ununuzi, nayo ndiyo iliyobeba nguo mbichi, viatu vya matope na takataka za kambi. Ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, mazingira yalipata nafuu, lakini kazi zile za rambo zilibaki bila mwenyewe. Mfuko mmoja wa salfeti wa takataka na mwingine usiopitisha maji wa nguo inatosha. Bila hivyo, uchafu huachwa porini na soksi kavu hulowana pamoja na mbichi.

Kitambulisho nacho husahaulika. Getini kwenye hifadhi za taifa, raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha shilingi kilicho chini sana kuliko cha mgeni, ila lazima aonyeshe yeye ni nani. Kadi ya NIDA iliyoachwa kabatini Kimara haimsaidii mtu aliyesimama Mikumi.

Orodha za vifaa za kunakili hazitoshi, kwa kuwa kila mwandishi wa orodha alikuwa na mtaa wake na duka lake. Inayofaa zaidi ni kambi ya usiku mmoja uani, wiki moja kabla ya safari: hema limesimikwa, taa za nyumba zimezimwa, simu haichajiwi, mlango umefungwa. Mtu apike, ale, aoshe vyombo, alale, aamke. Kila anapotaka kuufungua mlango ule, iwe ni kufuata kisu, betri za tochi au karatasi ya chooni, aandike jina la kitu hicho, na asubuhi akitie begini.