Sumaku Haimalizi Maneno

Nimechoka kusikia valvu mbovu ikisifiwa kwenye gereji za mtaa wa Ngamiani kwa sababu tu inameremeta. Kumeremeta ni kazi ya msasa na kromu. Valvu ya kweli inaweza hata kutoka kwenye boksi ikiwa na weusi wake.

Anayejiona mjuzi hutoa sumaku, akaigusisha kichwani mara moja, isiponata anatangaza: stenlesi, orijino, toa hela. Hapo ndipo wote hukosea. Sumaku haigusishwi, huburutwa, taratibu, kutoka kichwani mpaka ncha ya shina. Valvu ya eksozi yenye heshima ni vyuma viwili. Kichwa ni 21-4N: kromiamu asilimia 21, nikeli karibu 4, manganizi karibu 9, na hakivutwi. Shina ni chuma cha kromiamu na silikoni, kinachovutwa, na ndicho kinachokubali kupikwa ncha ikawa ngumu. Huunganishwa kwa kusuguana kwa kasi mpaka vikashikana, kisha husagwa hata ukucha usihisi kitu. Sumaku inapoanza kuvuta, mshono upo hapo. Weka alama, tumbukiza valvu kwenye gaidi, yaani bomba linaloongoza shina, isukume ifunguke yote. Alama ikichungulia nje kwenye moto, rudisha dukani. Zipo za kipande kimoja zisizonata popote, na watu wanazisifu. Mimi shina la namna hiyo silitaki kwenye injini yangu.

Mafundi wa zamani wa karakana ya reli hawakuhitaji hata sumaku. Mzee mmoja aliyetokea huko alikuwa akiziacha valvu zisizo na kromu dirishani, upande wa bahari. Baada ya muda shina linashika kutu, kichwa kinabaki safi, na mpaka kati yao umenyooka kama uzi. Akiwa na haraka, aligusisha kwenye greinda: chuma cha kawaida hurusha cheche ndefu zinazochanua, 21-4N hutoa fupi, chache, nyekundu.

Matapeli nao wana ufundi wao. Mmoja alichukua valvu za inleti, akazichonga kipenyo, akaziuza kuwa za eksozi kwa wenye mashine za kusaga nafaka. Sumaku ilinata kichwani kabisa, ila nani aliangalia? Ukingo ukaungua, unga ukasimama. Wengine husaga valvu kuukuu na kuzirudisha kwenye boksi jipya, kwa hiyo pima unene wa ukingo: ukiwa mwembamba kupita kiasi, tupa. Na yenye chapa iliyopakwa rangi badala ya kugongwa, mimi siinunui.

Injini ya Lister ya mizunguko 650 kwa dakika ilisamehe chuma hafifu. Pikipiki ya bodaboda haisamehe, na anayeipanda ni mtoto wa mtu.

Ukikutana na shina lenye uwazi ndani, kama la baadhi ya injini za ndege, usilipige msumeno. Ndani huenda mna sodiamu, na kipande kikiangukia kwenye ndoo ya maji hulipuka.