Sandwichi ya John Clasky
Katika filamu ya Spanglish ya mwaka 2004, iliyoandikwa na kuongozwa na James L. Brooks, yumo mpishi anayeitwa John Clasky. Ana mgahawa wake Los Angeles, na Adam Sandler, tuliyemzoea katika vichekesho vya makelele, anamwigiza kwa upole mkubwa. Usiku baada ya kazi, Clasky anaingia jikoni kwake na kujitengenezea sandwichi ya yai. Anaikata katikati, kiini kinashuka ubavuni, bia iko pembeni. Mengi ya filamu ile yamenitoka kichwani, lakini yale matone ya manjano bado nayaona.

Aliyeibuni sandwichi hiyo ni Thomas Keller, mwenye mgahawa wa The French Laundry huko Yountville, California. Ndiye aliyekuwa mshauri wa mapishi wa filamu, na ndiye aliyemfundisha Sandler kuitengeneza. Huyu ni mtu ambaye wateja wake hukaa mezani kwa saa kadhaa wakiletewa sahani ndogo moja baada ya nyingine. Alipotakiwa kubuni chakula cha mpishi aliyechoka, alichagua mkate, bekoni, nyanya, saladi, mayonezi, jibini na yai, vitu ambavyo mtu yeyote wa California angevikuta kwenye friji yake. Ufundi wote aliuweka kwenye mpangilio.

Mkate ni ule wa shamba wa Kifaransa, wenye ganda gumu, uliochomwa mpaka ukakauka juu. Slesi laini za dukani zitalowa na kukatika kabla hujafika nusu. Slesi ya chini inapakwa mayonezi, juu yake bekoni iliyokaangwa ikakauka, kisha nyanya, kisha majani ya saladi. Slesi ya juu inawekwa jibini aina ya Monterey Jack na kurudishwa kwenye moto mpaka jibini liyeyuke. Yai likishakaa juu ya saladi, slesi hiyo inawekwa juu yake, upande wa jibini ukitazama chini. Hapa ndipo ninapomvulia Keller kofia. Yai la kukaanga huteleza, ukiuma upande mmoja linatokea upande wa pili. Jibini la moto linalishika kwa juu, nalo jani la saladi chini yake linalitenga na nyanya yenye majimaji.

Yai lenyewe linahitaji utulivu. Ute huanza kuganda karibu na nyuzi 62 za Selsiasi, lakini haukazi sawasawa mpaka ukaribie 80. Kiini hukaza mapema zaidi, kati ya 65 na 70 hivi. Kwa hiyo mpishi anatakiwa aupe ute joto kubwa kuliko kiini, na viwili hivyo vimelala kwenye kikaango kimoja. Siagi kijiko kidogo, moto wa wastani. Siagi ikitoa povu bila kubadilika rangi, yai linaingia taratibu, likimiminwa kutoka kwenye bakuli ili kiini kisipasuke. Ute unageuka mweupe kuanzia pembeni kwenda katikati, mpaka unabaki utando mwembamba unaong'aa kukizunguka kiini. Utando huo ndio unaowashinda wengi: wakiungoja uive, kiini kimekwisha kuwa kigumu. Keller analigeuza yai kwa sekunde chache tu, utando ushikwe na moto, kisha analitoa. Kiini bado kinatikisika ndani.

Yai halingoji mtu. Bekoni inaweza kukaa kwenye karatasi ikichuja mafuta, nyanya zinaweza kukatwa mapema, lakini yai linapotoka kikaangoni slesi zote mbili ziwe zimepangwa na jibini liwe bado laini. Ukianza kutafuta sahani wakati huo, umechelewa.

Asiyekula nguruwe atumie bekoni ya ng'ombe. Haina mafuta mengi, kwa hiyo aikaange kwa moto mdogo na mafuta kidogo, la sivyo itakauka kama ngozi. Jibini lolote lisilo kali na linaloyeyuka vizuri litafaa. Clasky aliila sandwichi hii usiku, lakini kwangu mimi hiki ni chakula cha asubuhi ya Jumapili, siku ambayo mtu ana nafasi ya kulisimamia yai moja.

Ikatwe kwa kisu chenye meno, kwa kuvuta mbele na nyuma bila kukandamiza, na ikatwe papo hapo. Kiini kinapita kwenye saladi, kinaingia katikati ya nyanya, kinaikuta chumvi ya bekoni, kisha kinachanganyika na mayonezi pale chini. Huo ndio mchuzi wa sandwichi hii, na Keller hakuongeza mwingine. Kinachomwagika kwenye sahani kipanguse na ganda la mkate.