Mvua Ipi Inyeshe Bondeni?

Kabla modeli ya bonde la mto haijapiga hesabu hata moja, kuna mtu amekwisha kuamua mvua ipi inyeshe ndani yake. Uamuzi wake hupewa aya moja katika ripoti nene, na wanaokutana kujadili mabwawa huipita aya hiyo haraka. Nami naona kazi ya mtu huyu ni miongoni mwa kazi za ufundi wa hali ya juu katika sayansi ya maji.

Tutazame Rufiji, bonde la kilomita za mraba zipatazo 177,000. Tambarare za Usangu hupata mvua haba, ilhali nyanda za juu zinazozizunguka hupata hata maradufu. Upande wa mashariki, upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima ya Udzungwa na kuuacha mzigo wake huko, na mto Kilombero pekee huchangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Ukikosea mvua ya milima hiyo, umekosea mto wote.

Uzito wa kosa hilo huonekana kwa hesabu nyepesi. Eneo likipata milimita 1,000 kwa mwaka, na 850 zikarudi angani kupitia udongo na mimea, mtoni hufika 150. Sasa chanzo chako kikizidisha mvua kwa asilimia 10 tu, na mimea ikaendelea kunywa kiasi kilekile, mto wa kwenye kompyuta utapata 250. Wakulima wa mpunga watagawiwa maji ambayo hayapo, na mitambo ya umeme itapangiwa maji hayohayo.

Vyanzo havikosekani. Kuna CHIRPS, inayochanganya picha za setilaiti na vipimo vya vituo tangu 1981. Kuna TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading, iliyoanzia 1983 na kutengenezwa hasa kwa ajili ya Afrika. Kuna IMERG yenye makadirio ya kila nusu saa, na ERA5, inayoijenga upya hali ya hewa ya dunia nzima tangu 1940. Anayejua kazi hachukui kile kinachopatikana upesi. Huuliza kila kimoja kinaionaje mvua. Setilaiti inayopima joto la vilele vya mawingu hudhani kuwa wingu lenye kilele baridi sana ndilo linalonyesha. Dhana hiyo hufaa kwa mawingu marefu ya radi. Milimani, wingu fupi lenye vuguvugu laweza kumwaga maji kutwa nzima, na setilaiti ikaona kidogo tu. ERA5 nayo huelekea kutawanya mvua katika manyunyu ya siku nyingi, na manyunyu huishia kwenye majani na udongo wa juu pasipo kuufikia mto.

Basi turudi kwenye kipimamvua? Ndiyo, ila kwa macho makali. Mdomo wake wa inchi 5 unasemea eneo kubwa mno pale vituo vinapokuwa vichache. Daftari nalo lataka kusomwa kwa subira: je, nafasi tupu ni siku kavu, au ni siku ambayo msomaji alikuwa mgonjwa? Kwa nini Jumatatu zina mvua nyingi kuliko Jumapili? Kipimo husomwa saa 3 asubuhi, ilhali siku ya setilaiti huanza saa 9 usiku kwa saa zetu. Asiyelijua hilo atavilaumu vyote viwili kwa kutokubaliana. Tena, CHIRPS imekwisha kuvitumia baadhi ya vituo hivyohivyo, kwa hiyo kufanana navyo hakuthibitishi lolote. Msomaji wa kituo anayetoka kila asubuhi na kalamu yake anastahili malipo mazuri kuliko anayopata, maana bila yeye setilaiti zote zingebaki kukisia.

Jambo ninaloliheshimu zaidi ni kwamba fundi huyu huuliza mto kabla ya kuirekebisha modeli. Modeli ina vigezo vingi, na kila kimoja chaweza kuvutwa hadi mstari wa modeli ulingane na vipimo vya mto, hata mvua ikiwa ya uongo. Asiye fundi atapunguza kina cha udongo, ataibana mimea isinywe, na grafu itapendeza. Fundi huanzia kwenye kijito cha mlimani chenye vipimo vya kuaminika. Hugawa maji ya mwaka kwa eneo la kijito, kisha hulinganisha na mvua ya chanzo. Kijito kikiwa kimetoa maji mengi kuliko mvua inayodaiwa kunyesha juu yake, hakuna kigezo cha kuokoa chanzo hicho. Hukirekebisha kwa vituo vya milimani, na visipopatikana hukiacha, hata kama ndicho kilichoipa modeli alama za juu.